Nywele za Naliaka

Malakisi
11 Februari 1973

Dada yangu Lornah,

Nakuandikia watu wakiwa wametoka kanisani, na kila aliyesikia kwamba nakuandikia amesema nikusalimie, hata wale uliowagombeza Krismasi. Sisi tupo. Mama anaendelea vizuri isipokuwa lile goti lake, na goti lenyewe huzidi kuuma kila anapoona kuna kazi ya jembe. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Useremala unakwenda, nimepewa milango ya madarasa mapya ya shule ya msingi na mbao zimeshafika. Mke wangu Nakhumicha anakusalimu wewe wifi yake.

Jambo lililonifanya nikae chini na kalamu ni Naliaka. Baada ya wewe kurudi Nairobi alisema jino linatikisika. Mtoto wa miaka sita, tukasema ni wakati wake. Likatikisika la pili, na la tatu, kisha shavu la kulia likaanza kuvimba. Zahanati wakamng'oa mawili. Uvimbe haukujali. Sasa umefika chini ya jicho na jicho lenyewe limeanza kusukumwa nje. Anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Ajabu ni kwamba halalamiki maumivu, anauliza tu kama atarudi kuwa mzuri.

Mama anasema kuna marehemu anayetaka jina lake litajwe. Tumemwita mtoto kwa jina la shangazi yetu aliyefariki, asubuhi na jioni, na uvimbe haukuitika. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia aliwahi kuona mtoto wa namna hii kule Busia. Nilipomuuliza huyo mtoto yuko wapi siku hizi, alianza kuniuliza habari za mbao.

Sikuombi kitu. Nauliza tu, huko hospitalini kwenu, wewe na wauguzi wenzako mmewahi kuona meno ya mtoto yakitikisika hivi?

Ndugu yako,
Joash


Nairobi
17 Februari 1973

Joash,

Salamu nitakupa ukifika. Leo naziruka, na wewe unajua mimi siruki salamu.

Mlete. Usingoje kumaliza milango ya shule, usingoje goti la Mama, usingoje baraza la mtu yeyote. Tumewaona watoto hawa, wanatoka kwetu na kule kando ya ziwa. Uvimbe huu unakua haraka kuliko uvimbe wowote tunaoujua hapa wodini, wiki moja ni nyingi. Tena asing'olewe jino jingine.

Panda gari la moshi Bungoma. Nitakuwa stesheni. Jina la ugonjwa nitakuambia ukishaketi na kunywa chai.

Dada yako,
Lornah


Nairobi
25 Machi 1973

Ndugu yangu Joash,

Leo nina nafasi ya kukusalimu kama mtu. Natumaini ulifika salama, na kwamba Mama amekubali ile dawa ya kuchua niliyokupa. Huku mvua imeanza, na barabara ya kupanda huku kilimani kwenye hospitali imejaa matope mpaka madaktari wanaingia wodini na viatu mkononi. Caren, yule rafiki yangu anayepika kwa Wazungu kule Lavington, anauliza kama yule kaka yangu mkimya alishawahi kucheka tangu azaliwe. Nimemwambia tunasubiri.

Sasa sikiliza. Ulipoondoka ulimuaga mtoto ukiangalia viatu vyake, kwa sababu uso hukuweza kuuangalia. Nilikuona, sikukulaumu. Nilikuwa nimeshakutajia neno saratani.

Dawa ilipita mshipani mwake Jumatatu asubuhi. Alhamisi jicho lilikuwa limeingia mahali pake. Jumapili nilipomwosha uso niliona kile kibonyo cha shavu alichorithi kwa Mama, Joash, nikalazimika kwenda kusimama kwenye stoo ya mashuka. Miaka yangu yote ya uuguzi nimeona dawa zikituliza na zikichelewesha. Hii ni mara ya kwanza naona kitu kikiyeyuka mbele ya macho yangu mpaka naogopa kupepesa.

Daktari wetu anaitwa Mwendwa, kijana wa Machakos, mrefu, mpole, anakula muwa ofisini akidhani hatumwoni. Nilimwambia, daktari, sumu yenu ina nguvu. Akasema, "Sista, sisi tumezoea kusema dawa inaua. Lakini nikitazama hizi chembe naona kama zinajiua zenyewe." Akanikalisha akanieleza, na mimi nakueleza wewe jinsi nilivyoshika.

Mwili umejengwa kwa vitu vidogo sana vinavyoitwa chembe. Chembe huzaana kwa kujigawa, moja inakuwa mbili. Na kila moja inazaliwa ikiwa na agizo la kufa ndani yake. Ikizeeka au ikiharibika, inajiondoa bila kusukumwa. Mkono wa mtoto tumboni mwanzoni ni kama mguu wa bata, hauna vidole. Chembe za katikati zinakufa kwa wakati wake, ndipo vidole vinapatikana. Nilitazama mikono yangu siku nzima baada ya hapo. Basi chembe ya saratani ni ile iliyokataa kuondoka, inazaa tu.

Dawa hii inaingia mpaka kwenye kiini cha chembe na kuharibu ule urithi inaotaka kuugawa. Chembe ikifika wakati wa kujigawa inakuta imeharibika vibaya, na hapo agizo la kufa linaamka. Inanywea. Inajitenga na jirani zake. Inakatakata kiini chake yenyewe, inajifunga vifurushi vidogo vidogo, na chembe nyingine za mwili zinakuja kuvila vile vifurushi. Hakuna usaha, hakuna kidonda, hakuna mahali pamebaki pachafu. Mwaka jana tu kuna madaktari wa Scotland walioandika juu ya kifo hiki, wakakipa jina la Kigiriki la majani yanayopukutika. Mwendwa anasema wakubwa wa sayansi bado wanabishana kama ni hivyo kweli na ni kwa njia gani. Mimi sibishani, nimeona shavu.

Kazi yangu kubwa ni maji. Chembe nyingi zikifa kwa pamoja, taka zake zinakwenda kulemea figo, kwa hiyo mtoto lazima anywe mchana kutwa na mimi nampima mkojo kila saa. Ananiita Senge Maji. Wodi nzima sasa inaniita hivyo, hata Mwendwa, ambaye hajui kwamba senge kwetu ni shangazi.

Nimempeleka studio pale River Road akapigwa picha. Iko humu ndani. Mwonyeshe Nakhumicha kabla ya mtu mwingine yeyote.

Dada yako,
Lornah


Malakisi
8 Aprili 1973

Dada yangu,

Picha imefika. Nakhumicha aliiona kwanza kama ulivyoagiza, akaketi nayo mlangoni mpaka chungu kikaungua. Baada ya hapo haikuwa yetu tena. Imekwenda kanisani, imekwenda kwa chifu, imekwenda kwa yule mzee wa Busia, ambaye aliishika kwa mikono miwili akaniomba radhi, sijui ya nini. Mama anasema ni lile jina, marehemu ameridhika. Mchungaji anasema ni maombi. Nimewaachia wagawane.

Mimi nilisoma barua yako mara nyingi karakanani. Chembe inayojifunga mizigo yake na kuondoka bila kuchafua nyumba, huo ni ustaarabu ambao binadamu wengi hawana. Nimependa kwamba kitu kama hicho kimo ndani ya mwanangu.

Basi, kwa kuwa amepona, tunamtaka Pasaka. Nakhumicha ana mimba, ya kujifungua mwezi wa tisa, na ujauzito huu unamchosha. Anataka binti yake karibu. Watu wameshaanza kuahidi kuku. Nitakuja Alhamisi Kuu nimchukue.

Nakhumicha ameniambia nikuulize jambo moja. Kwa nini mtoto kwenye picha amefungwa kitambaa kichwani kama mama mzima?

Ndugu yako,
Joash


Nairobi
13 Aprili 1973

Ndugu yangu Joash,

Pole kwa chungu. Hongera kwa mimba, mwambie wifi yangu asibebe maji kutoka mtoni, na kama Mama atasema wanawake wa zamani walibeba, mwambie Mama aje anieleze mimi.

Kuhusu Pasaka jibu ni hapana. Naliandika mapema ili ukasirike mapema na kutulia mapema.

Umeangalia picha ukaona amepona. Kosa ni langu, nilituma uso bila kutuma maelezo ya kutosha. Dawa inazinasa chembe zikiwa katika kujigawa. Zilizolala siku hiyo zinapitwa. Nyingine zinajificha kwenye maji ya uti wa mgongo, ambako dawa ya mshipani haifiki vizuri, na ndiyo maana anachomwa sindano ya mgongo, na analia, na akimaliza kulia anamfariji mtoto wa kitanda cha pili. Zikibaki chache tu, zitarudi. Tena zikirudi huwa zimejifunza ukaidi. Mwaka juzi baba mmoja alimchukua mwanawe kwa furaha kama unayotaka kumchukulia Naliaka. Alimrudisha baada ya miezi michache na sikutaka kuwa zamu siku ile. Kwa hiyo dawa itapita tena, na tena, kila wiki kadhaa damu yake ikiruhusu, na katikati atakaa nami au kwa Caren kule Lavington, mwenye nyumba amekubali.

Nikupe jambo la kukutuliza. Mwendwa alinipeleka maabara, akaniwekea kwenye darubini kipande walichomkata Naliaka siku ya kwanza. Nilichoona kilikuwa kama usiku mweusi wenye nyota. Nikauliza zile nyota ni nini. Akasema ule weusi ndio saratani, chembe zimebanana kabisa, na zile nyeupe ni walaji, wamejaa mabaki ya waliojifia. Kumbe hata kabla ya dawa walikuwepo wachache wanaolisikia lile agizo. Dawa inazidisha tu. Nilisimama pale mpaka mwenye maabara akanikoholea. Nimeona mengi ya kutisha mwilini mwa watu, lakini nilikuwa sijaona kitu kizuri hivi ndani ya kitu kibaya hivi, na nilitaka kumshukuru mtu.

Kitambaa ni baridi ya Nairobi.

Dada yako,
Lornah


Malakisi
27 Mei 1973

Lornah,

Tupo.

Nimepokea barua ya Zedekiah, mwana wa baba mdogo, huyo tarishi wa ofisi za serikali huko mjini. Anasema alikwenda Lavington Jumapili kumwona mtoto, akamkuta uani amevua kitambaa. Anasema kichwa hakina hata unywele mmoja.

Wewe ni mtoto wa ukoo huu. Siku ya tatu baada ya mazishi ndipo tunanyolewa, wakubwa na wadogo, na hatunyolewi bila maiti. Mtoto ambaye wazazi wake wako hai akitembea na upara, anamwita nani? Mama hajala tangu jana. Nakhumicha anashika tumbo tu. Nilikupa mtoto mwenye nywele, na ulipoulizwa ukatuambia habari za baridi.

Sikuandikii kuuliza. Nakuja kumchukua.

Joash


Nairobi
10 Juni 1973

Ndugu yangu Joash,

Natumaini ulifika salama, kwa sababu uliondoka bila kumaliza chai na bila kuaga, na Caren mpaka leo anauliza kama ni chai yake.

Sitasahau ulivyosimama kwenye lile geti la Lavington, Zedekiah nyuma yako amevaa koti la kazini, na askari wa geti anawauliza kama mmekuja kutafuta kibarua. Halafu Zedekiah akaanza, "Lornah, hii kitu umefanya, kwetu haina jina." Na mimi nikasema lile neno ambalo dada hulisema mara moja tu maishani. Nilisema Nakhumicha aliolewa kwa ng'ombe waliotolewa na marehemu mume wangu aliponioa mimi, na kwa hiyo juu ya mtoto huyu nina kauli, na kauli yangu ni kwamba haondoki. Nilipolisema, uso wako ulifungika. Ningeweza kulimeza ningelimeza. Lakini ningelimeza, mtoto angekuwa Malakisi leo.

Ulikuwa sahihi kuhusu kitambaa. Nilidanganya. Nilimfunga kwa sababu zilianza kudondoka wiki ileile ya picha, zinabaki kwenye mto wa kulalia asubuhi kwa mafungu, na niliogopa macho ya Nakhumicha. Hakuna aliyemnyoa. Chembe za nywele nazo zinajigawa haraka, na dawa haina akili ya kuchagua vizuri, kwa hiyo nazo zinaharibika, nazo zinalisikia agizo, zinaondoka pamoja na zile mbaya. Tofauti ni kwamba mwili unajua kuzitengeneza upya. Zitaota, Joash. Mimi mwenyewe nilinyolewa alipokufa mume wangu, kwa wembe, mbele yako, najua maana ya kichwa kitupu. Cha Naliaka si hicho.

Hata damu yake inashuka kwa sababu hiyohiyo, na wiki hii imeshuka mno, Mwendwa ameahirisha dawa. Tunamlinda na mafua ya watu. Yeye hana habari. Amemwuliza Mwendwa kama chembe zinazokufa zinaaga kwanza. Daktari mzima akampa muwa.

Andika hata mstari mmoja.

Dada yako,
Lornah


Nairobi
26 Agosti 1973

Joash,

Hii ni barua ya nne tangu ulipotoka getini. Tatu hazikujibiwa. Nimemwuliza Zedekiah kama mko wazima, ameniambia mko, kisha akavuka barabara. Naandika salamu kwa Mama, kwa Nakhumicha, na kwa mtoto atakayezaliwa mwezi ujao, kwa kuwa hao hawajanikosea.

Dawa ya mwisho imepita mwilini mwa binti yako. Wamempima damu, wamepima maji ya mgongo, wamempiga picha za taya. Hawaoni kitu. Mwendwa amekataa kutamka neno kupona mpaka mwaka upite bila ugonjwa kurudi, lakini nilimkuta kwenye korido anatabasamu na ukuta. Kila mwezi atapimwa, Bungoma inatosha, barua ya hospitali nitakuja nayo. Nywele zimeanza kuota, laini kama za kifaranga.

Nilidhani utakasirika mwezi mmoja. Nakujua, una kichwa kigumu lakini si mtu wa kutupa damu yako. Huyu mtoto amechomwa sindano za kutosha kumwangusha mwanajeshi. Kila Ijumaa anaulizia posta, namwambia barua zinachelewa. Sina uongo mwingine uliobaki. Nimeanza kuamini kwamba baada ya kuona kile kichwa ulituhesabu sote wawili kuwa tumekufa.

Likizo yangu inaanza mwisho wa mwezi wa tisa. Nitamleta. Kama geti limefungwa, nitamketisha nje ya geti mpaka mtu afungue.

Lornah


Malakisi
9 Septemba 1973

Dada yangu Lornah,

Umesema mengi na yote nimeyasoma. Barua zako zote nne ninazo. Mama anakusalimu, na Nakhumicha yuko hapa karibu yangu wakati ninapoandika, ndiye aliyesema sasa naweza.

Mtoto hatazaliwa mwezi huu. Alizaliwa siku chache baada ya lile jua kupatwa mchana, mwisho wa Juni, kabla ya wakati wake. Aliishi wiki moja. Nakhumicha alimweka kifuani usiku na mchana ili apate joto. Nilimtengenezea sanduku kwa mbao zilizobaki kwenye milango ya shule, sikumwachia fundi mwingine.

Wengine walisema kwa mtoto wa wiki moja watu hawanyolewi. Nakhumicha akasema kwa huyu watanyolewa, na Mama akamnyoa yeye wa kwanza.

Unaweza kukisia maneno yaliyofuata. Walisema Naliaka alikuwa ameshanyolewa kabla, ndiye aliyeita kifo, na kifo kilipokuja kilimkuta mdogo wake. Jua nalo likaongezwa juu. Wazee walikaa kwetu wakaamua arudishwe mara moja afanyiwe tambiko, na dawa za Nairobi ziachwe. Waliniagiza nikuandikie. Nikakubali mbele yao. Nilikuwa ninaamini nusu ya waliyosema, Lornah, sitakuficha. Nilichukua kalamu jioni hiyo.

Nakhumicha ndiye aliyeniondolea karatasi. Akaniuliza, dawa imebaki mara ngapi? Nikamwambia sijui, ila wewe Lornah uliandika imeahirishwa. Akasema, "Basi usimwandikie lolote. Ukimwambia habari ya mtoto, wifi atamleta nyumbani kunifariji. Namjua, atamleta hata kama daktari amekataa. Huyu mmoja amekwenda. Mwache yule mwingine amalize dawa yake."

Nikamwambia wazee watauliza. Akasema waambie Nairobi hawajibu. Kwa hiyo hapa kijijini wewe ndiye mtu mbaya usiyejibu barua za kaka yako, na mchungaji amekuombea mara kadhaa ulainike moyo. Zedekiah tulimwapisha. Ndiyo sababu anavuka barabara.

Kila barua yako ilipofika nilimsomea. Ile ya chembe alitaka irudiwe, pale unaposema zinajitenga bila kuchafua. Ulipoandika kwamba tumewahesabu kuwa mmekufa, nilitaka niruke mstari, akaniambia nisome wote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka kwenda kuchota maji. Nimeishi na mwanamke huyu miaka minane na nilidhani mimi ndiye mwenye nguvu nyumbani, kwa sababu ninabeba mbao.

Sasa anasema umlete. Anasema usimfunge kitambaa, ashuke kwenye gari kichwa wazi, mchana, watu wakimwona. Yeye atakuja stesheni Bungoma, naye hatafunga kitambaa. Nywele zake zimeota, zimejisokota kama punje za mtama.

Geti letu ni la miti tu, unalijua. Halijawahi kufungwa.

Ndugu yako,
Joash


Nairobi
15 Septemba 1973

Joash ndugu yangu,

Hii msomee Nakhumicha, usiisome peke yako.

Wifi yangu, nimepewa barua yenu zamu ikianza na nimeimaliza zamu nzima nikiwa nayo mfukoni mwa aproni. Umenijua sawasawa. Ningemleta. Ningepanda gari la usiku uleule na kukuletea binti yako akiwa na saratani iliyobakia, nikidhani nakupenda. Nimemsimulia Mwendwa. Alivua miwani akaifuta muda mrefu, kisha akaniambia nikusalimu, akataka kujua jina lako linaandikwaje.

Nimemwambia Naliaka kwamba alipata mdogo wake, na kwamba mdogo wake alifariki, na kwamba wewe ulikaa kimya ili yeye amalize dawa. Hakulia. Aliniuliza kama alikuwa wa kike au wa kiume. Nikamwambia baba yake hakuandika, atakuuliza wewe. Tangu hapo hataki mtu mwingine amjibu.

Tunafika Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa, gari la asubuhi.

Lornah